Alfa 1.5: mbona fomula ya Tanaka inanipa sifuri?

MwalimuChumbageni: Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Tanga, mchana nafundisha hesabu, usiku napambana na tasnifu ya uzamili. Nina mchakato thabiti (stable process) X wenye ulinganifu, yaani namba inayorukaruka kwa bahati nasibu, juu na chini kwa uwezekano sawa; alfa (α) yake, kipimo cha ukali wa miruko, ni 1.5. Nikiiweka |X| kwenye fomula ya Tanaka na Meyer (inayogawa |X| kuwa matingale, yaani mchezo wa haki usio na faida wala hasara kwa wastani, pamoja na sehemu nyingine) kama vitabu vya semimatingale vinavyosema, muda wa mahali (local time, kipimo cha X kukaa kwenye nukta) pale sifuri unatoka 0 tupu. Lakini kwenye kompyuta (kabla umeme haujakatika, kama kawaida) nimehesabu muda ambao X inakaa kati ya −ε na ε, nikagawa kwa 2ε, na namba inayotoka si sifuri hata kidogo. Nimuamini nani? Msimamizi wangu kaniambia "soma zaidi", akaondoka.

Fundi_wa_Ngamiani: Amini wote, mwalimu. Hivyo ni vitu viwili, jina moja. Muda wa mahali wa kitabu chako unalishwa na sehemu endelevu (isiyoruka) ya X, na X yako haina sehemu hiyo, ni miruko mitupu. Wa kompyuta ni wa ukaaji: unahesabu muda X inaokaa karibu na nukta. Huo upo alfa ikizidi 1, na mwanahisabati Boylan alishaonyesha mwaka 1964 kwamba ni endelevu. Alfa ikiwa 1 au chini, X haigusi nukta uliyoichagua, kwa hiyo huna cha kutafuta.

MwalimuChumbageni: Shukrani. Sasa huo wa ukaaji naupataje ndani ya mtengano, yaani nikigawa mchakato kuwa matingale na sehemu inayokua? Bila hilo sura ya tatu haisogei.

Fundi_wa_Ngamiani: Badilisha kipeo. Jenereta ya X (kanuni ya wastani wa badiliko la papo hapo) ikipewa |x|^γ inarudisha c·|x|^(γ−α), c ikiwa namba inayotegemea γ. γ ikiwa kati ya α−1 na α, unapata matingale pamoja na c∫|X_s|^(γ−α)ds, na c ni chanya. |X| yako imo humo: inayokua ni intigrali ya 1/√|X_s|, ndiyo maana muda wa mahali hauonekani. Sasa ishushe γ taratibu hadi α−1. Kipeo cha ndani kinafika −1, intigrali inalipuka, lakini c nayo inakwenda sifuri. Wanapokutana, uzito wote unajikusanya pale sifuri:

|X_t|^(α−1) = |X_0|^(α−1) + M_t + k·L_t

M_t ni matingale, L_t ni muda wa mahali wa ukaaji, k ni namba isiyobadilika. Kwako upande wa kushoto ni mzizi wa |X|. Weka α = 2 uone: inarudi Tanaka ya mwendo wa Brown (mchakato usio na miruko). Salminen na Yor waliipanua 2007 kwa michakato ya Lévy (yenye hatua huru za mtindo mmoja) yenye ulinganifu, anzia hapo.

Binti_Muheza: Kaka mwalimu, kabla hujachora grafu: ε usiibane mno. Hatua ya muda h kwenye kompyuta inamrusha X kiasi cha h^(2/3), kwa hiyo h ikiwa 0.001, ε ya 0.01 ni ndogo mno tayari. Na miruko izalishe kwa njia ya Chambers, Mallows na Stuck (1976), ni mistari michache tu ya programu.

MwalimuChumbageni: Ε yangu ilikuwa 0.05. Naandika mtengano usiku huu huu, umeme ukikubali.