Gavana wa Benki Kuu hatumpigii kura. Kwa nini aamue riba ya mkopo wangu?

Mama Duka, Busia

Hamjambo wenzangu. Nina duka la jumla hapa Uganda, karibu na mpaka: sukari, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni. Swali hili linanisumbua tangu 2011.

Mwaka ule tulipiga kura Februari. Kufika Aprili, Besigye, kiongozi wa upinzani, na wenzake wakawa wanakwenda kazini kwa miguu kulalamikia bei, polisi wakiwarushia mabomu ya machozi. Daftari langu la bei lilining'inia kwa uzi nyuma ya mlango. Bei ya sukari niliifuta na kuiandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Oktoba mfumuko wa bei ukapita asilimia 30. Benki Kuu nayo, iliyokuwa imetangaza Julai riba yake, ile inayofuatwa na mabenki mengine, kwa asilimia 13 ili kutuliza bei, ilipofika Novemba ikawa 23. Benki iliyonikopesha ikanipigia simu: riba yako imepanda. Mkopo ulikuwa wa kujenga stoo. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, zikasimama hapo miaka miwili, mvua ikizinyeshea.

Mbunge nilimchagua mimi. Huyu gavana alichaguliwa na nani? Na kama ana nguvu hivyo, alikuwa wapi pesa za kampeni zilipomwagwa? Naomba majibu ya maana, siasa za vyama tuziache.

Mzee wa Bombo

Binti yangu, pole kwa hizo kuta. Mwaka 1987 nilikuwa karani wa fedha katika chama cha ushirika. Mei ikaja pesa mpya: sifuri mbili zilikatwa, kisha asilimia 30 ikachukuliwa kama kodi. Mwenye noti ya 5,000 angepata 50, akapewa 35. Alikuja mkulima na pesa za msimu mzima wa kahawa ndani ya mfuko wa unga wa mahindi. Nilizihesabu mbele yake mara mbili, akaniomba nihesabu mara ya tatu.

Lakini pesa ile ilikuwa imekufa kabla hatujaikata. Bei zilikuwa zikipanda zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka. Kila serikali iliyoishiwa ilikwenda kuchota Benki Kuu, na wakati wa Amin nani angesema hapana? Joseph Mubiru, gavana wa kwanza, aliuawa 1972. Tuliobaki tuliishi kwa magendo.

Unauliza nani alimchagua. Ibara ya 162 ya Katiba ya 1995 inasema Benki Kuu katika kazi yake haipokei amri ya mtu yeyote. Wajumbe walioipitisha tuliwapigia kura 1994. Mimi nilipanga foleni siku ile, na kwangu ile ni kura halali kabisa.

Mwalimu wa uchumi, Tororo

Mzee, nakuheshimu, ila swali la pili la mama umelipita. Gavana alikuwa wapi? Januari 2011, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza ya zaidi ya shilingi bilioni 600. Mwaka uleule dola zaidi ya milioni 700 zilitoka kwenye akiba ya taifa kununua ndege za kivita. Ukame na bei ya mafuta vilichangia, sikatai, lakini ibara peke yake haikuzuia kitu.

Gavana alikuwa Tumusiime-Mutebile, yuleyule aliyekuwa na msimamo mkali Wizara ya Fedha 1992: kama pesa haijaingia, hailipwi. Wakati ule aliweza kwa sababu Rais alisimama nyuma yake.

Mama, kuta zako zina ndugu Marekani. Rais Nixon alimbana Arthur Burns, mkuu wa Benki Kuu ya huko, alegeze pesa kabla ya uchaguzi wa 1972, na bei zikawatesa watu muongo mzima. Paul Volcker, mkuu wa baadaye wa benki hiyo, alipokuja kuzishusha, riba ilifika karibu asilimia 20, na mafundi ujenzi wakamtumia vipande vya mbao kwa posta kwa kuwa nyumba hazijengeki. Uturuki magavana wa Benki Kuu walifukuzwa na Rais 2019, 2020 na 2021. Oktoba 2022 mfumuko ukapita asilimia 85.

Gavana wa kupigiwa kura angeshusha riba kila uchaguzi ukikaribia. Lakini wa kwetu anateuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge, kwa miaka mitano. Mlango wako uko hapo. Mutebile alifariki Januari 2022, na Atingi-Ego, aliyekuwa naibu wake, akawa gavana kamili 2025. Miaka mitatu kiti kilikuwa kinakaimiwa! Wabunge wangapi waliulizwa na wapiga kura wao?

Mama Duka, Busia

Asanteni, mzee na mwalimu. Hiyo bajeti ya nyongeza sikuijua kabisa. Nilikuwa namlaumu mtu wa riba peke yake. Mbunge akija tena sokoni nitamuuliza bajeti ya nyongeza ya mwisho aliipigia kura gani, na nitamuuliza mbele za watu. Stoo niliimaliza 2014. Juu ya linta bado kuna mstari wa maji, hata rangi haiufichi.