Kalmodulini: ya ubongo wa ng'ombe au ya bakteria, nichukue ipi?

mwanamaabara_dsm: Wakuu habari zenu. Nipo masters, napima kinasi ya NAD ya mmea (kimeng'enya) na inahitaji kalmodulini, ile protini inayofanya kazi ikishika kalsiamu, kuiamsha. Nimekuta aina mbili, iliyosafishwa toka ubongo wa ng'ombe na ya kutengenezwa ndani ya bakteria E. coli, hii ya pili bei yake nafuu kidogo. Naombeni ushauri kabla sijaagiza maana hela ya utafiti ikiisha ndo basi.

Mama Pipeti: Mdogo wangu bei weka pembeni kwanza. Asidi amino ni zilezile 148, ila ya ubongo ile asidi amino ya 115, laisini, imebandikwa methili tatu (vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni) na E. coli hawezi kubandika hizo, sasa kinasi ya NAD ya mimea ndo inayoiona hiyo tofauti kabisa, isiyo na methili inaiamsha kwa nguvu zaidi. Ungekuwa unapima kimeng'enya kingine, fosfodiesterasi, ningekwambia beba yoyote. Usije ukaanza na moja ukamalizia na nyingine, namba zako hazitalingana.

kaka_sentrifuji: Mi nilitengeneza mwenyewe. Ubongo nilichukua machinjioni alfajiri, unaweka kwenye barafu palepale, mara ya kwanza nilichelewa ukakaa joto nikapata uchafu tu. Kalmodulini inavumilia moto sana, unachemsha protini nyingi zinaganda yenyewe inabaki kwenye maji, halafu unapitisha kolamu ya fenili ukiwa na kalsiamu inashika, ukimwaga EGTA (kemikali inayonasa kalsiamu) inaachia. Kazi ya siku kadhaa ila inalipa.

Njeri254: @kaka_sentrifuji sawa lakini S100 (protini nyingine za kushika kalsiamu) nayo hushika hiyo fenili kukiwa na kalsiamu, na ubongo umejaa hiyo. Lazima uendeshe jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, uone kama kuna bendi ya chini karibu na 10 kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini). Kalmodulini yenyewe utaijua, ukiweka kalsiamu inakimbia zaidi kwenye jeli kuliko ukiweka EGTA.

Mama Pipeti: Njeri umenena. Na jamani vyombo vya glasi acheni, vinatoa kalsiamu, hata maji ya maabara yanayo. Tumieni plastiki iliyosuuzwa vizuri, la sivyo kontroo yako (sampuli ya kulinganishia) isiyo na kalsiamu nayo itaamka na utahangaika mwezi mzima hujui tatizo liko wapi.

mwanamaabara_dsm: Asanteni sana dada Mama Pipeti na wote. Basi nachukua ya bakteria kwa vipimo vyote, na ya ubongo kachupa kamoja nilinganishe hiyo methili. Glasi naziondoa leo.