Pesa za corona kwa wakulima: vocha au wangetuma tu M-Pesa?

Mkulima wa Njabini
Wadau tuongee hii kitu bila kuogopana. Mei 2020 Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, alitangaza ule mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi, wakulima wadogo wakatengewa bilioni 3 ya watu laki mbili, ukigawa ni 15,000 kila mtu, na hiyo si pesa, ni vocha ya simu unaenda nayo kuchukua mbolea na mbegu. Mimi wakati huo viazi vinaniozea stoo, kafyu saa moja jioni, Nairobi hakuingiliki, broka hashiki simu. Mbolea ya kupanda nini tena na hivyo vya kwanza havijauzika? Wangetuma pesa mtu alipe deni la sacco.

Hesabu Safi
Pesa mkononi hapana. Nimefanya kazi huko kwenu Kinangop miaka minne, wakulima nawajua. Tuma 15,000 Ijumaa, Jumatatu nusu iko kwa baa. Vocha angalau inaingia kwa udongo.

Mama Viazi
Baa gani wewe? Baa zilifungwa Machi zikafunguliwa mwisho wa Septemba, kwa hivyo hata huyo mlevi wako angekunywea wapi. Mimi ni mjane, nalima ekari moja na nusu ya kukodisha, sijawahi onja pombe, na unaniweka kikapu kimoja na watu uliokutana nao huko kwa kazi yako ya miaka minne!

Hesabu Safi
Chang'aa haikufungwa, mama. Na sikusema wewe.

Mama Viazi
Ulisema "nawajua". Mimi ni wa Kinangop.

Mzee wa Ol Kalou
Kijana, muombe mama msamaha kwanza. Halafu mbona hamuulizi wale wa maua? Walipewa mabilioni matano na wana magari ya baridi na akaunti za ng'ambo.

Baba Shiro
Si matano mzee, ni 1.5, maua pamoja na wote wa mboga na matunda ya kuuza nje, ili mzigo uendelee kufika soko la nje. Na msiongee vile hamjui. Binti yangu alikuwa anafunga waridi Naivasha, Machi ndege zikasimama, maua yakatupwa, akarudishwa nyumbani bila mshahara. Ile pesa yake ndiyo ilikuwa inanunua mbolea ya shamba langu. Tajiri wa maua akianguka, sisi huku juu tunaanguka naye.

Mzee wa Ol Kalou
Na huyo binti alipata ngapi kwa hiyo 1.5?

Baba Shiro
Hakupata hata shilingi. Lakini Agosti aliitwa kazini, hilo siwezi kulikana.

Mkulima wa Njabini
Tunatoka kwa mada. Swali ni vocha ama pesa.

Dereva wa Marikiti
Mada yenyewe ni lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi. Mimi ndio nabeba hivyo viazi. Sheria inasema gunia kilo 50, mnajaza mpaka linavaa kofia, broka analipa kama gunia moja. Hata mngepewa laki moja kila mtu, ingeishia kwa hiyo kofia.

Mama Viazi
Tunajaza kwa kupenda? Mwaka huo broka alisimama hapa kwa shamba akasema ni lumbesa ama anaenda kwa jirani, na jua linaenda, na kafyu inakuja. Ningekuwa na hiyo 15,000 kwa simu ningemwambia aende. Ningeweka viazi wiki tatu nilishe watoto nikingoja bei. Hiyo mbolea ya vocha ingenisaidia kumfukuza?

Hesabu Safi
Hapo mama umenena. Lile la baa nimekosea, samahani. Lakini vocha wewe ulipata?

Mama Viazi
Niliandikwa jina, namba ya kitambulisho na ya simu, nikaambiwa ningoje meseji. Hiyo laini sijawahi kuizima.