Mkasi wa kubebeshea: miche 40 ya embe, imeshika 9 tu. Nakosea wapi?

Mama Miche, Mkuranga
Habari zenu wakulima wenzangu. Naombeni msaada, maana roho inaniuma. Nina kitalu nyuma ya nyumba, miche ya embe ya kienyeji niliyootesha kwa kokwa. Mwaka wa tatu huu nabebesha kwa wembe, yaani naunga kikonyo (kijiti cha mwembe bora) kwenye shina la mche, na wateja wananirudia. Mwezi uliopita nikanunua ule mkasi wa kubebeshea, unaokata umbo la tundu la kufuli, kikonyo na shina vikaumana vyenyewe. Nikamaliza miche 40 ya embe aina ya Apple kabla ya adhuhuri. Imeshika 9. Siku hiyohiyo binti yangu alibebesha 20 kwa wembe, vikonyo vya mti uleule. Yake imeshika 16.

Jana nilipasua mmoja uliokufa. Umbo limeingia sawasawa, lakini gome la pembeni limebonyea na kutoka nyuzi kama muwa uliotafunwa, na ndani ya maungio kuna ufa mweusi mwembamba kama unywele. Tatizo ni mkasi au mkono wangu?

Kijana wa Kilosa
Pole sana dada. Vikonyo vilikuwa na unene gani ukilinganisha na mashina? Na uliviandaa?

Mama Miche, Mkuranga
Mashina kama penseli. Vikonyo vingi sawa, vingine vyembamba kidogo, sikuchambua. Kuandaa niliandaa: nilikata majani siku 8 kabla, nikaacha vishina vifupi vya majani, macho (vichipukizi) yakavimba ndipo nikachuma vikonyo.

Babu Machungwa, Muheza
Binti, ulipoupasua ule mche ulikuwa umeshapata jibu. Mwembe mchanga una gome laini. Wembe unapita tu, lakini mkasi unakandamiza kwanza ndipo unakata. Kinachoungana pale ni utando mbichi ulio kati ya gome na mti, mwembamba kuliko karatasi. Ukipondeka huo, hata ufunge vipi, kikonyo kitakauka.

Kata kijiti kimoja cha mwembe, kitazame juani. Ukiona nyuzi, kisu cha mkasi kimekwisha makali, au hakikuwa nayo tangu dukani. Kifungue, unoe au ubadilishe. Na utomvu wa embe unaganda kwenye kisu upesi, kwa hiyo kila baada ya miche mitano futa kwa kitambaa chenye spiriti.

La pili ni unene. Kikonyo kikiwa chembamba, usikiweke katikati. Umbo lile linateleza ubavuni kama droo. Kisogeze mpaka gome la upande mmoja likutane na gome la mwenzake. Upande mmoja ukishika, mche unaishi. Vikiwa katikati, magome hayaonani pande zote mbili.

Mimi machungwa nabebesha kwa jicho moja tu badala ya kikonyo kizima, kisu kidogo tu, kwenye mche wa mlimau. Mkasi huo sina kazi nao, ila nimewaona vijana wakiutumia na najua wanapokosea.

Mpemba Ughaibuni
Naongezea kidogo. Nimefanya kazi misimu miwili kwenye kitalu cha mizabibu huku Ujerumani, na umbo hilo ndilo wanalokata, kwa mashine ya mezani. Lakini wao wanabebesha vijiti vilivyolala vya majira ya baridi, vigumu, visivyo na jani, vilivyochambuliwa kwa unene kabla ya kukatwa. Kisha wanachovya maungio kwenye nta na kuviweka kwenye joto na unyevu kwa wiki kadhaa mpaka kovu lijae. Mwembe wako mbichi unatoa utomvu, tena unaungwa palepale kitaluni. Kwa hiyo dada usijilaumu.

Mama Miche, Mkuranga
Shikamoo babu, na asanteni nyote. Nimerudi baada ya wiki tano. Nilinoa kisu kwa msasa laini sana. Halafu nikachukua kandambili kuukuu, nikatoboa matundu matatu kwa msumari wa moto, kila kikonyo na kila shina nikapitisha hapo kwanza. Kikonyo na shina vya tundu moja nikaviunga pamoja, visivyolingana nikampa binti abebeshe kwa wembe.

Nilibebesha 12 kwa mkasi na 12 kwa wembe. Nikafunga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, nikavisha vifuko vya barafu, nikaweka kivulini. Mkasi umeshika 8, wembe 11. Nilipoona macho ya kwanza yametoka mekundu nilimwita binti aje aone, tukakaa pale mpaka giza.

Embe nitaendelea na wembe. Mkasi nitampa mdogo wangu, mkono wake unatetemeka tangu alipougua, kisu hakishiki vizuri. Nane kati ya 12 kwake ni nyingi sana. Babu, vifuko nivitoe lini?

Babu Machungwa, Muheza
Marahaba mwanangu. Machipukizi yakishagusa kifuko, toboa tundu juu, jioni. Siku tatu baadaye kivue, jioni vilevile, jua lisiyakute. Utepe uache mpaka majani yakomae yawe kijani, kisha uchane kwa wembe upande ulio mkabala na maungio. Na huyo mdogo wako mwanzishe kwa mashina membamba, mkasi hauhitaji nguvu hapo.