Pikipiki ya 150 kutoka cheni ya 428 kwenda 520: meno mangapi mbele, mangapi nyuma?

Kibena_Mizigo

Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya cc 150, kazi yake kushusha viazi kutoka mashambani huku Njombe hadi lami. Gunia mbili nyuma, na siku nyingine mwenye viazi naye hataki kubaki. Cheni ni saizi ya 428, mbele meno 14, nyuma 42. Haidumu. Inalegea, inagonga kava, mwisho inaruka meno nikiwa katikati ya mlima na mzigo. Fundi wangu anashauri nifunge cheni ya 520 kama za pikipiki za matope, tuachane na huu usumbufu. Sasa nikihamia 520 nichukue sproketi (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) za meno mangapi? Zile zile 14 na 42? Au nibaki na 428 lakini ile yenye H, ya bamba nene, au nishushe ya mbele iwe 13? Mwenye uzoefu anifumbue macho kabla sijatoa hela.

Fundi_Makambako

Mkuu, hapo kuna mambo mawili na yamechanganywa: uwiano na saizi ya cheni.

Uwiano ni meno ya nyuma kugawa kwa ya mbele. 42 kwa 14 ni 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara 3 tairi lizunguke mara 1. Uwiano haujui cheni ni ya namba gani. Ukifunga 14 na 42 za 520, pikipiki itavuta na kukimbia kama sasa, haiongezi wala haipunguzi.

Kasheshe ni nafasi. Tarakimu ya kwanza ya cheni inakwambia umbali kutoka pini hadi pini, kwa sehemu za nane za inchi. 4 ni nusu inchi, milimita 12.7. 5 ni milimita 15.875. Kwa hiyo kila jino la 520 linadai nafasi zaidi kwa robo. Sproketi yako ya nyuma sasa, ukipima pale pini zinapokaa, ina kipenyo cha karibu milimita 170. Ya meno 42 ya 520 inafika 212. Kava la cheni utalitupa, na mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma huenda ukaanza kuliwa na cheni. Mbele, 14 inatoka 57 hadi 71, na pale kuna ukuta wa injini na kava lake.

Anayetaka 520 ikae palipokuwa na 428 hupunguza meno kwa moja ya tano. Mfano 15 na 45 za 428 zinalingana na 12 na 36 za 520: kipenyo karibu kilekile, uwiano uleule wa 3. Kwako ungefunga 12 na 36. Bado mbele utatoka 57 kwenda 61 na nyuma 170 kwenda 182, hivyo pima kabla ya kununua.

kipara_wa_stendi

Meno 12 mbele? Msimpotoshe mwenzenu. Kwenye meno 14 kila pingili ya cheni inajikunja nyuzi karibu 26 ikipita mbele. Kwenye 12 ni nyuzi 30. Kujikunja huko ndiko kunakokula pini. Tena meno yakiwa machache cheni haivuti kwa ulaini, inavuta kwa kushtuashtua, utaisikia miguuni ukiwa gia kubwa na mwendo mdogo. Unanunua cheni nene halafu unaitesa.

Msafiri_Eldoret

Mimi nimeifunga 520 kwenye pikipiki yangu ya shamba na siitoi. Ni kweli inasikika zaidi na ni nzito, na kava la kufunika cheni yote lilibidi litoke, kwa hiyo msimu wa mvua naiosha na kuipaka oili kila jioni. Lakini hainyooki ovyo. Rola za 520 ni milimita 10.16, za 428 ni 8.51. Hicho ni chuma cha kutosha, msikidharau. Ila yangu shafti ya mbele ilikubali sproketi ya 520 ya dukani. Kama yako haikubali, hadithi ni nyingine.

BintiWaSpea

Hapo kwenye shafti ndipo penyewe, kaka Msafiri. Pikipiki nyingi za 150 tunazouzia hapa, sproketi ya mbele ya 520 yenye meno ya ndani yanayoingia kwenye shafti yake haipo. Wateja hupeleka mbili kwa fundi wa kukereza: anakata kitovu cha ile ya zamani, anakichomea ndani ya ile ya 520. Meno ya sproketi yamefanywa magumu kwa moto kiwandani, ukiyapikia na weldingi jirani ugumu ule unaondoka. Na ikitoka hata kidogo nje ya mstari, cheni inakaza upande mmoja na kulegea mwingine, kila mzunguko. Mimi kitu hicho sikiuzi na wala sikisifii.

Halafu kaka Kibena, kabla ya yote, una uhakika sproketi ulizonazo ni za 428? Nauliza kwa sababu 420 na 428 zote ni nusu inchi, meno yanahesabika sawa, na jicho halioni tofauti haraka. Ila 420 ndani ina upana wa milimita 6.35 na 428 ina 7.94. Cheni ya 428 inaingia kwenye sproketi ya 420 bila kelele, kisha inacheza kushoto na kulia mpaka inajimaliza. Chukua kalipa (kile kipimo cha unene) upime unene wa jino. Ukikuta chini ya milimita 6, ugonjwa umeuona.

Kibena_Mizigo

Nimepima, jino lina milimita 7 na kidogo, kwa hiyo ni za 428 kweli. Ila meno ya nyuma yamelala upande mmoja kama papa. Cheni niliibadilisha peke yake, sproketi zilibaki.

Fundi_Makambako

Basi usitafute mchawi. Cheni mpya juu ya meno yaliyolala inanyooka kuyafuata. Seti nzima hubadilishwa pamoja: mbele, nyuma na cheni.

kipara_wa_stendi

Na ile 13 ya mbele uisahau. Watu huipenda kwa kuwa ni rahisi kubadilisha, lakini nguvu ileile ya injini ikipitia sproketi ndogo inaivuta cheni kwa nguvu zaidi, karibu asilimia 8 kutoka 14 kwenda 13. Wewe tatizo lako ni cheni, utakuwa umeliongezea chumvi. Kama unataka kupanda vizuri, ongeza nyuma. 14 na 45 ni 3.21, ile 13 na 42 ni 3.23, tofauti huioni. Nyuma ikiongezeka, mvuto wa juu wa injini kwenye cheni unabaki palepale na tairi linapata nguvu.

Kibena_Mizigo

Mwendo utapungua kiasi gani?

kipara_wa_stendi

Karibu asilimia 7. Palipokuwa 80 panakuwa kama 75 kwa mizunguko ileile ya injini. Na gunia mbili za viazi unakimbilia wapi?

Fundi_Makambako

Naunga mkono 14 na 45, cheni 428H. H ni bamba za pembeni nene, karibu milimita 2 badala ya moja na nusu. Meno ya sproketi ni yaleyale ya 428, hakuna cha kukereza. Angalia mambo mawili: kila meno 2 unayoongeza yanadai karibu pingili 1, na cheni huuzwa kwa pingili shufwa, hivyo kwa meno 3 nunua iliyozidi yako kwa 2. Na kwa kuwa H imenenepa pembeni, zungusha tairi kwa mkono usikilize kama inakwaruza kava.

Klipu ya kiungio, upande uliozibika utangulie kule cheni inakoelekea, mdomo ubaki nyuma. Ukikosea, tope na mawe vitaichomoa.

Msafiri_Eldoret

Hapo sibishani. Ila akipata ya 250 baadaye, 520 ataikuta imefungwa na kiwanda.

Kibena_Mizigo

Nashukuru wakuu. Spidomita haitadanganya?

Fundi_Makambako

Kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, haihusiki kabisa. Zinazosoma kutoka kwenye gia ndizo zitakazosoma zaidi ya mwendo halisi.

BintiWaSpea

Kaka Kibena, popote utakapoenda kununua usiseme tu "nipe ya 150". Beba sproketi zako zote mbili za zamani. Ya mbele ilinganishwe meno ya ndani na matundu ya bolti, ya nyuma ilinganishwe matundu na kitovu. Na ukishafungua nyuma, zitazame raba za kupunguza mshtuko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zikiwa zimekatika, nunua na hizo siku hiyohiyo.