Nimeuziwa maganda na mchanga nikaambiwa ni mashudu ya alizeti

Wadau, leo sina salamu ndefu. Wiki jana nimetoka huku kwetu upande wa Kimilili mpaka Bungoma mjini kutafuta mashudu ya alizeti, yale mabaki ya mbegu ikishakamuliwa mafuta, ndiyo protini ya ng'ombe wa maziwa (wengine mnaita keki, sawa tu), nikachukua gunia 3, nikalipa cash yote, nikaongeza ya boda, nikarudi nyumbani nimefurahi. Kumbe nimebeba takataka ya mtu nikamlipa na pesa ya maziwa.

Ng'ombe yangu ni krosi ya Friesian, alikuwa ananipa lita 14 kwa siku bila shida. Siku ya nne tangu nianze kumchanganyia hiyo kitu akashuka 9. Siku ya sita akaanza kususa kabisa, anakuja kwa karai, ananusa, anageuza kichwa, ananiangalia. Ng'ombe alijua kabla yangu.

Nikasema wacha nione. Nikachukua beseni ya kuoshea watoto (hiyo kesi na mama watoto bado haijaisha), nikajaza maji, nikamwaga gorogoro moja (ule mkebe wa kupimia) ya hayo mashudu ndani nikakoroga. Juu yakaelea maganda matupu, yale meusi ya mistari, makavu hayana hata tone la mafuta. Nikayatoa, nikamwaga maji polepole mpaka chini, nikakuta mchanga. Si vumbi, mchanga wa mto, unajaza kiganja! Mtu ameshika alizeti ya ukweli anajua, ukifinya vidole vinabaki na mafuta na inanukia kama mbegu imekaangwa. Hii ilinuka stoo inayovuja. Halafu kuangalia gunia vizuri naona mshono wa kiwanda ulikatwa, juu yake mtu ameshona tena na uzi wa nailoni wa buluu. Nilikuwa nimebeba hilo gunia mgongoni na sikuona.

Nikampigia mwenye duka. Anasema, "boss wangu, mali inatoka Uganda, sisi tunauza vile inakuja." Akakata.

Sasa hapo ndio nilipandwa na hasira kabisa. Inatoka Uganda! Alizeti ni ya Uganda na Tanzania, mashudu ya pamba ni ya hukohuko, soya ni ya Zambia na Malawi. Lori inaingia mpakani Busia ama Malaba, na mpaka ifike kwa karai ya ng'ombe wangu imepita mikono minne, kila mkono umetoa koleo moja ya mashudu na kurudisha koleo moja ya kitu ingine. Na sisi hapa Western tulikuwa na pamba, jameni. Babu yangu alikuwa anapeleka pamba Malakisi kwa jineri, kiwanda cha kutenganisha nyuzi na mbegu. Kulikuwa na Nambale, kulikuwa na Kibos pale Kisumu, na Kicomi yenyewe, kiwanda cha nguo cha Kisumu, ikifuma vitambaa. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya hii yetu ilifikisha marobota kama 70,000 ya pamba. Nyuzi zikienda kiwandani mbegu inabaki, inakamuliwa mafuta, mashudu yanakuja kwa ng'ombe. Haikuwa kitu ya kutafuta na boda. Halafu mkulima akaanza kukaa miezi na miezi akingoja malipo, miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikamwagika, Kicomi ikafungwa, watu wakang'oa pamba wakapanda miwa. Tunajua vile miwa nayo imetufanyia, sitaki hata kuanza.

Na kuna kitu watu hawasemi. Mafuta ya kupika tunayonunua mengi ni ya mawese, kutoka Malaysia na Indonesia, yanashuka Mombasa tayari ni maji maji. Ukisafisha mafuta yaliyoletwa na meli hupati mashudu hata debe moja! Mashudu yanabaki pale mbegu ilikamuliwa. Kwa hivyo kila siku tunakaanga sukuma na mafuta ya watu wengine halafu tunashangaa ng'ombe wetu hawana protini, sasa ingetoka wapi?

2021 bei ya chakula ilipopanda mpaka watu wakauza ng'ombe tulisikia ushuru wa malighafi utaondolewa. Pamba ya Bt, ile imebadilishwa vinasaba ijikinge na viwavi, ilikubaliwa na baraza la mawaziri mwisho wa 2019. Marufuku ya 2012 ya GMO, yaani vyakula vya mimea iliyobadilishwa vinasaba, ikaondolewa 2022, ikaenda kortini. Habari zote hizo nimezisikia kwa redio nikikamua, na lita ni zilezile.

Mtu asije hapa chini kuniambia eti maganda pia ni chakula. Najua alizeti ikikamuliwa na ganda lake protini iko chini, asilimia 20 na kitu, ikitolewa ganda inapita 30, soya ndio inafika 44 na zaidi. Sijakataa ganda, nimekataa kulipia ganda bei ya mbegu. Na msiniambie nimpe omena (dagaa) badala yake, omena yenyewe siku hizi inaanikwa kwa mchanga inauzwa na mchanga wake, na watu wanaila. Desmodium, yale majani ya malisho, ninayo, napanda kwa mahindi, inasaidia lakini haitoshi ng'ombe wa lita 14.

Kitu inanitisha zaidi ni ile harufu. Mashudu yakiloa yanashika kuvu, kuvu inaleta sumu ya aflatoksini, na hiyo sumu haibaki kwa ng'ombe, inapita kwa maziwa. 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sababu ya mashudu ya karanga yaliyooza hivyo, ndio wanasayansi wakaijua hiyo sumu. Sasa mimi wiki nzima nimekuwa nikiwapa watoto wangu chai ya maziwa ya huyo ng'ombe. Nani ananilipa hiyo? Sheria ya vyakula vya mifugo iko, Sura ya 345, iko tangu mimi sijazaliwa, lakini sijawahi kuona mtu amekuja kuchota hata kijiko kwa hizi duka zetu apeleke maabara.

Kama kuna mwenye anajua pale Busia lori inaposhushwa, mahali naweza kununua gunia yenye mshono haujaguswa, aniandikie hapa chini, niko tayari kuchanga na watu watano tukodi pickup.

Gunia mbili bado ziko. Jumamosi nazirudisha, na nabeba beseni.