Mrejesho: seva iliyokuwa ikijikokota

Wadau, wiki jana niliuliza kwa nini seva yetu ya FreeBSD (mfumo endeshi) hapa ofisini Ngara inanakili faili kwa mwendo wa kobe ilhali ping, ule ujumbe mdogo wa kupima mtandao, inajibu vizuri. Mlionikataza kununua kadi mpya ya mtandao, asanteni. Nilikuwa nishashika njia ya Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, na pesa mfukoni.

Kosa lilikuwa kwenye /etc/rc.conf, faili ya mipangilio ya seva. Aliyenitangulia aliandika hivi (em0 ni jina la kadi; maneno ya media yanaibana kwenye kasi ya 100, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja):

ifconfig_em0="inet 192.168.1.10/24 media 100baseTX mediaopt full-duplex"

Ukiilazimisha kadi hivyo, inaacha kupatana na swichi, kile kifaa kinachounganisha mashine, kuhusu namna ya kuwasiliana. Swichi yetu iko kwenye auto, yaani inajipangia yenyewe: kasi ya 100 inaitambua yenyewe, lakini haina namna ya kujua kama kadi inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, basi inachukulia kwamba ni kwa zamu. Seva inaropoka bila kungoja, swichi inadhani wamegongana, fremu (vifurushi vya data) zinakatika. Ping ni kidogo, inapenya. Faili kubwa ndiyo inayoumia. Mlisema nitazame hesabu za kadi kwa amri ya netstat -i, na kweli: Ierrs (makosa ya kupokea) ilipanda kila nikinakili, Coll (migongano) imetulia kwenye sifuri.

Nilifuta maneno yote ya media kwenye ule mstari, kisha nikaiachia kadi ipatane yenyewe na swichi:

ifconfig em0 media autoselect

Nilifanya hivyo nikiwa nimekaa mbele ya mashine, si kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao huohuo. Kujifungia nje nishawahi, sirudii.

Sasa kadi iko kwenye kasi ya 1000, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja; inasoma 1000baseT <full-duplex>. Nakala iliyokula dakika 40 inaisha kabla chai haijapoa, na Ierrs haijasogea tangu Jumatatu.